Shockwave, Tac-14 au KSG kwenye mashindano?

Kati ya shotgun hizo tatu za pampu ulizotaja, kwa kuangusha haraka sahani za chuma za shabaha kwenye mashindano ya kulenga, chukua KSG. Shockwave na Tac-14 zina mtutu wa inchi 14 hivi na hazina kitako, kwa hiyo bega na shavu havina pa kuegemea. Ukifyatulia kiunoni, unakosa hata sahani iliyo umbali wa mita 10. Ukiamua kuzitumia, inua silaha usawa wa macho, mkono wa mbele usukume, wa nyuma uvute, na utumie risasi nyepesi. Shavu liwe mbali, litapigwa!

KSG nayo ni fupi, inchi 26 hivi, ila mtutu una inchi 18.5 kwa kuwa mitambo imekaa nyuma ya kifyatulio. Ina mirija miwili ya kuwekea risasi, 7 kila mmoja. Shida ni kwamba mrija mmoja ukiisha, bunduki haihamii wa pili yenyewe: usipogeuza swichi unapampu hewa tu huku saa inakimbia. Pampu, yaani kishikio cha mbele kinachosogea, ivutwe hadi mwisho, kwa nguvu. Ukiivuta nusu, ganda linakwama. Kujaza tena ni polepole mno, basi hesabu risasi zako kabla ya kuanza.