Gitaa: ulipie kozi ya mtandaoni au utafute watu wa kupiga nao? Jibu langu refu

Mkuu umesema gitaa umejifunza mwenyewe YouTube, kodi (chords, sio za TRA) unazijua, vipande vya solo unavyo kadhaa, sasa umepata hela kidogo na hujui ulipie kozi ya mtandaoni yenye cheti au utafute bendi ukae nao. Jamaa hapo juu kasema YouTube inatosha kwa kila kitu, mwingine kasema bendi za baa ni pombe tu hakuna shule pale. Mi nimepita kote kuwili, nilianza na simu kama wewe, baadae nikaingia bendi ya dansi hapa Dar kama deiwaka, yaani wa kuitwa kwa siku akikosekana mtu, na Jumapili napiga kanisani, kwa hiyo ntaandika kirefu, mwenye haraka aruke.

Kozi acha kwanza. Tafuta watu.

Sababu kubwa ni aina ya muziki wenyewe unaoutaka. Umesema unataka sebene, yale magitaa ya kuzunguka ya kuchezea ya Kikongo, na dansi letu la zamani, bendi za kina Msondo, Sikinde, Maquis. Muziki huo haukai kwenye gitaa moja. Kuna solo, kuna solo la pili, kuna ridhimu, kuna besi, na kila mmoja ana kakipande kake kafupi anazunguka nako, ukikasikiliza peke yake unaweza kusema huyu jamaa hajui kupiga. Utamu unatokea vile vipande vinavyoingiliana, huyu anaacha nafasi yule anaingia. Sasa angalia video za kufundisha sebene, karibu zote zinafundisha solo maana ndio inayoleta watazamaji, unakaa chumbani na C, F, G, F inazunguka na wewe unajaza kila upenyo kwa sababu hakuna mwingine wa kuujaza. Vidole vinakuwa vyepesi kweli, hilo sibishi, ila sikio linazoea kwamba nafasi zote ni zako.

Siku za mwanzo bendini mzee wa solo hakunigusisha solo kabisa. Alinipa ridhimu, nyuzi tatu nyembamba tu, noti nne, kiganja cha kulia kilale kidogo kwenye nyuzi karibu na daraja ili sauti iwe kavu. Nikamuuliza nisikilize nini ili nisipotee, nikijua atasema solo, akaniambia "msikilize wa tumba (zile ngoma ndefu za mkono), mimi niache". Tukakaa kwenye kipande hichohicho mpaka chai ikaja. Hakutaja skeli hata moja. Ila ile ya kusikiliza tumba ndio iliyonifanya nianze kukaa kwenye mwendo, maana ukimfuata solo unachelewa siku zote, yeye mwenyewe anacheza nyuma na mbele ya mwendo makusudi.

Alafu kuna ishara. Wimbo wa dansi una ile sehemu ya kuimba taratibu, mkimaliza mnaingia chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, na muda wa kuingia haujaandikwa popote. Watu wakiwa wamejaa pale mbele mwimbaji anarudia kiitikio hata mara tatu, wakiwa wamekaa mnakata mapema. Solo ananyanyua shingo ya gitaa, wa drams anavunja kidogo, wote mmeshavuka. Video ina dakika zake zilezile kila ukiifungua, hiyo kitu haiwezi kukufundisha.

Kanisani ndio usiseme. Mama kakaa benchi la nne anaanzisha pambio bila kumuuliza mtu, kii anayo yeye kifuani, na mara nyingine imekaa katikati ya F na F kali haijulikani iko wapi. Una mistari miwili ya kuitafuta Do yake na kuingia kimyakimya kabla kwaya haijapokea. Mi naweka kidole uzi wa sita natafuta kwa sauti ya chini huku naangalia mdomo wake. Hakuna mwalimu wa mtandaoni atakayekupa zoezi la hivyo, anaanza na "leo tuko kwenye kii ya G".

Kuna mdau kasema siku hizi hata kupiga pamoja kunawezekana Zoom. Kujifunza Zoom sawa, mwalimu anapiga wewe unarudia, inaenda. Kupiga kwa pamoja hapana, na sio suala la bando. Sauti hewani inaenda kama mita 340 kwa sekunde, mwenzako akiwa mita tatu kutoka ulipo inakufikia baada ya milisekunde 9 hivi, sikio halistuki. Ikifika 30 na kuendelea mnaanza kusubiriana, mwendo unashuka mpaka mnasimama. Zoom kwa kawaida iko juu sana ya hapo. Zipo programu kama Jamulus zilizotengenezwa kwa kazi hiyo lakini zinataka intaneti ya waya na wenzako wasiwe mbali, sasa wewe na hotspot ya simu utaanzia wapi. Na hata kwenye somo la kawaida, Zoom inachuja kelele na kwake noti iliyovutwa ni kelele, inaimeza. Ukisoma kwa Zoom mwambie mwalimu wako awashe ile setingi ya sauti halisi na wewe washa, tofauti utaisikia hapohapo.

Kingine kuna vitu unaviona kwa macho tu. Kuna sauti fulani ya gitaa la Kikongo, nyembamba inayometa, niliitafuta kwenye rekodi kwa muda mrefu sana, napunguza spidi, nasogeza kapo (kibanio cha shingo ya gitaa), wapi. Akaja mpiga gitaa mmoja Mkongo kwenye mazoezi, nikaangalia gitaa lake, uzi wa nne hana! Kauvua kaweka uzi mwembamba, D ileile ila oktava moja juu. Wenyewe wanaita mi-composé. Kwenye rekodi sikio langu lilikuwa linasikia magitaa mawili.

Sasa nisiikandie simu. Bendini hakuna atakayekusubiri ujifunze kubana baree (kidole kimoja nyuzi zote), na kurudia kitu kimoja mbele ya watu wazima waliokuja kazini ni aibu. Hapo YouTube ni mkombozi, unaweka spidi 0.5, unarudia sekunde zilezile mpaka mke agombe. Mi mpaka leo nyimbo za kukopi naziandaa hivyo, na nadharia yote ninayoijua nimeipata huko, wazee wangu wanajua kupiga ila ukiwauliza kwa nini kodi hii inakubali pale wanakuangalia tu. Kwa hiyo tumia simu kwa kile ulichokwama bendini wiki hiyo, na kwa hilo vya bure vinatosha.

Kwa yule dada wa Unguja aliyeuliza kuhusu udi, kwako naona ni zaidi ya hivi. Taarabu ya asili ina maqam (skeli za Kiarabu) kama rast ambazo noti ya tatu iko katikati, sio meja sio maina, na tyuna ya simu itakuambia umekosea kila ukiipata sawasawa. Ile unaikamata ukiwa umekaa ubavuni kwa mtu wa fidla. Una bahati uko huko, pale Mji Mkongwe kuna chuo cha muziki cha DCMA tangu 2002, vikundi vyenyewe vipo, Ikhwan Safaa ni ya tangu 1905. Nenda kakae mazoezini hata kama hupigi.

Tukirudi kwako mkuu. Kuhusu pombe, ipo, ila mazoezi yanafanyika mchana na mchana watu wanakunywa chai. Usiende na gitaa mgongoni siku ya kwanza, nenda kaangalie, saidia kubeba spika, jua majina ya watu. Usiombe solo, kila kijana anakuja anataka solo, sema unataka kushika ridhimu watakushangaa na watakupenda. Nafasi ya deiwaka inakuja ghafla tu, mtu kaumwa au kapata safari, saa kumi unapigiwa simu kwamba leo usiku tunakuhitaji, kwa hiyo nyimbo zao kumi na tano za kila wiki uwe nazo. Nenda na kebo yako, nyuzi za akiba na tyuna yako.

Na ile hela ya kozi nunua amplifaya ndogo iliyotumika. Bendi nyingi zina za kwao lakini moja huwa mbovu, na mgeni ndio anapewa hiyo.