Usibebe maili 12 ukaingia nazo ziwani

Hapa Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Uganda, mtu akinyang'anywa injini ya mtumbwi kwa kuvuka mpaka hakosi kijana wa kumtia moyo: "Mzee, sheria ya bahari inatupa maili 12." Hata mimi niliwahi kulitamka hilo, tena mbele ya askari wa ng'ambo, wa Kenya, alfajiri, nimelowa mpaka kiunoni. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaanza kulegeza skurubu za injini.

Maili 12 ni za baharini. Mkataba wa sheria ya bahari wa 1982, ambao hata Uganda yetu isiyo na pwani imeuridhia, unairuhusu kila nchi ipime kutoka ufukwe wake: maili 12 za himaya yake, na mpaka 200 za uvuvi na mali nyingine. Majirani wakipima, vipimo vinapandana. Ndivyo Somalia na Kenya walivyofikishana kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 2014. Kenya ilitaka mstari unyooke na latitudo, yaani uelekee mashariki moja kwa moja. Hukumu ya Oktoba 2021 ikachora mwingine, na sehemu kubwa ya maji yaliyogombewa ikaangukia Somalia. Kenya ikaikataa.

Ziwani hakuna kupima kutoka ufukweni. Mpaka wetu na Kenya uliandikwa na Waingereza mwaka 1926, unapita kando ya visiwa mpaka mlango wa Mto Sio. Tazama Migingo, mwamba uliojaa mabati, haufiki hata ekari moja. Uko Kenya, lakini mstari uko kama mita 500 tu magharibi yake. Baharini kisiwa huja na maji yake. Pale, ukipiga kasia kidogo tu kuelekea magharibi uko Uganda.

Basi ingiza mstari huo kwenye simu, na simu awe nayo nahodha, si wewe tajiri, mwenye mtumbwi, uliyelala nyumbani. Tena tega mbali nao. Nyavu zangu zilitegwa kwetu jioni. Upepo ukazisukuma usiku kucha, nasi tukazifuata gizani kama mchunga anayefuata ng'ombe. Siku hizi mputa, yaani sangara, napata wachache, sawa tu.

Leseni na vitambulisho vya mabaharia vifunge kwenye nailoni. Ukikamatwa, usianze kubishana maji ni ya nani. Sema ulitega wapi, saa ngapi, upepo ulitoka upande gani. Ukitozwa faini, dai risiti hata wakikununia. Mimi niliona haya kuidai, nikalipa mkononi, na wiki iliyofuata sikuwa na karatasi ya kumwonyesha yeyote.

Injini ilirudi baada ya siku tisa, skurubu moja haipo.