Kiraka cha silinda hedi ya kasti: kukishusha kwa tupa na kukipima

Silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya chuma cha kasti iliyopasuka kati ya vali, ikishachomelewa kwa kijiti cha nikeli, hurudi benchini na kiraka kilichovimba. Kazi ya mkono wako ni kukishusha kiraka hicho mpaka kilingane na uso wa zamani. Ukianza kusugua uso mzima kwa tupa umeharibu. Hedi iliyopinda ni ya mashine.

Iache ipoe kabisa, ikibidi mpaka kesho yake. Chuma chenye joto upande mmoja hujikunja, na kipimo ulichosoma hakitakuwepo kikipoa. Osha, toa mabaki ya gasketi, kisha iweke juu ya vibao vitatu, ili isicheze hata kama benchi lina mabonde.

Pima kabla ya kushika tupa. Simamisha rula nyoofu kwa ukingo wake: pande mbili za urefu, ncha mbili za upana, na mistari miwili ya pembe kwa pembe. Mstari unaokatiza kiraka uache kwanza, maana rula itapanda juu yake. Jaribu kupitisha chini ya rula fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.05 mm. Kikomo kimo kwenye mwongozo wa injini, lakini kama 0.10 mm inapita mahali pasipo na kiraka, weka tupa chini upeleke hedi kwenye mashine.

Rula nayo hukaguliwa. Zikutanishe mbili ukingo kwa ukingo mbele ya taa, kisha kila moja na ya tatu. Rula mbili peke yake hazitoshi, kwa kuwa iliyobinuka na iliyobonyea hukaa pamoja vizuri bila kuonyesha mwanga.

Kushusha kiraka huanza kwa grenda, nayo ishie pale kiraka kinapobaki juu kwa nusu milimita hivi. Hapo ndipo wengi huharibu. Nikeli yenyewe ni laini, lakini kasti iliyoipakana imepoa haraka ikawa ngumu kama kioo. Tupa hufika hapo ikateleza, na mstari huo hung'aa. Ukiongeza nguvu, tupa inauruka mstari mgumu na kuchimba chuma laini kando yake. Punguza mstari huo peke yake kwa jiwe la kunolea, kisha rudi kwenye tupa. Kiraka cha shaba ni kinyume chake: ni laini kuliko kasti, kwa hiyo kinapokaribia usawa hesabu misukumo yako, maana kubonyea huja haraka na hakurudishwi ila kwa kuchomelea upya.

Tumia tupa bapa yenye meno madogo. Ishike ncha zote mbili, uivute na kuisukuma ikiwa imekaa kimkingamo, uzito ukiwa juu ya kiraka tu. Ukiisukuma kama msumeno itapanda na kushuka, na kingo zitaliwa. Paka chaki kwenye meno ili vumbi lisigande. Kasti hukatwa kavu: usitie mafuta, wala usipanguse uso kwa kiganja, kwani jasho na mafuta ya ngozi hufanya tupa iteleze.

Sasa paka rangi ya buluu ya mafundi kwenye ukingo wa rula, nyembamba sana. Ikiwa nene itajaza mabonde ikudanganye. Telezesha rula kidogo juu ya kiraka. Palipopata buluu ndipo palipo juu, kwaruza hapo tu, futa, rudia. Ukitumia msasa namba 180, uwe umebandikwa juu ya bamba nene lililonyooka. Ukiushika kwa vidole utachimba palipo laini na kuacha kisiwa kigumu, na gasketi itavuja hapo hapo, hasa kwenye duara linalozunguka silinda.

Matundu ya maji na mafuta yawe yamezibwa kwa kitambaa chenye grisi tangu mwanzo, kwani chembe ya msasa ikiingia njia ya mafuta itakwaruza bearingi. Ukimaliza, toa vitambaa, osha, puliza kwa kompresa, kisha pima tena mistari yote sita pamoja na inayokatiza kiraka, na uandike vipimo kabla hujafunga hedi.