Mtoto wa mwaka na nusu pia huumia moyoni, usingoje

Pole sana dada. Umesema tangu mafuriko yawatoe Nyando mtoto hacheki, usiku anashtuka na yale maneno machache alikuwa nayo yamepotea, na mama mkwe anasema mtoto mdogo hana mawazo. Mwambie kwa heshima kwamba anayo. Wangu baada ya kuzika nyanya yake alikuwa anakaa tu mlangoni ameshika kiatu kimoja, ukimwita hageuki, na nesi akaniambia ati atazoea, nikapoteza miezi.

Mtoto akipoteza maneno aliyokuwa nayo usingoje hata kidogo. Beba kile kitabu cha mama na mtoto wiki hii, kuna ukurasa wa hatua za ukuaji, mwambie nesi muupitie pamoja, apimwe masikio pia, na uulize barua ya kwenda Jaramogi, ile hospitali kubwa ya rufaa Kisumu tunayoiita Russia. Na wewe unalala? Mwambie nesi hilo pia, juu mtoto husoma uso wa mama.

Nyumbani cheza naye: gonga sufuria, ngoja naye agonge. Na huyo mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji mwambieni hii huduma ya kuangalia watoto kama hawa ishuke mpaka dispensari, nauli ya Kisumu kila wiki nani ataweza?