Ndege wa Mida na kuogelea Watamu kwa siku moja

SWALI: Tunatoka Umoja, Nairobi, Desemba hii na tutalala Watamu. Siku ya matembezi ni moja tu. Tuanze na ndege wa Mida, ile hori yenye mikoko, au ufuo?
Mama wa wawili, Nairobi

JIBU: Mama, tazama maji kwanza, saa baadaye. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Fikeni Mida saa saba hivi. Maji yakiwa yamepwa, ndege hutawanyika mbali topeni, hata kwa darubini ni vitone tu. Yakipanda huwasogeza karibu na mikoko. Mtafuteni yule mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mweusi mnene. Huzaliana pande za Arabuni, Desemba huwa kwetu. Saa tisa nendeni mkaogelee, mawe yashafunikwa.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, geuzeni ratiba: ndege alfajiri, bahari saa nne. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, basi muulizeni mvuvi jioni ya kuamkia safari.

Ndala ziacheni, tope huzinyonya. Raba kuukuu za kamba ndizo.