Mgonjwa hupotea kati ya mlango na mlango

Wewe uliyekabidhiwa juzi kazi ya kulea waelekezi wa wagonjwa wa saratani hapa Tanga, yaani watu wanaomvusha mgonjwa vikwazo tangu kipimo hadi tiba, nakuandikia kabla hujaandaa semina yako ya kwanza. Mimi nilianza kwa semina. Niliomba ukumbi, nikaazima projekta, nikawafundisha watu 12 kwa siku mbili: seli ni nini, saratani inasambaaje, hatua ya kwanza hadi ya nne. Waliandika mpaka mikono ikawauma.

Wiki chache baadaye mmoja wao akaenda kumjulia hali mama aliyekatwa kinyama cha kipimo kwenye hospitali moja ya mkoani. Akakikuta kile kichupa chenye kinyama juu ya kabati, kimeviringishwa kitambaa, pembeni ya kibatari. Kilikaa pale siku 21. Mama alikuwa anasubiri kupigiwa simu ya majibu. Hakuna aliyemwambia kwamba kichupa ni yeye wa kukipeleka maabara. Alidhani kipande kingine kimebaki hospitali na hiki amerudishiwa akakizike. Mwelekezi wangu alizijua hatua zote nne za saratani. Nani anabeba kichupa, hakujua, kwa kuwa sikumfundisha.

Siku hizi mafunzo yangu huanza kwa miguu. Tunashika njia ya mgonjwa tangu mapokezi, dirisha la malipo anapopewa kontrol namba, maabara, hadi kwa afisa ustawi wa jamii anakopelekwa asiye na bima wala uwezo. Kila tunaposimama, mwanafunzi auliza mambo matatu: karatasi inayotoka hapa anaibeba nani, mlango huu unafungwa saa ngapi, na anayefuata yuko wapi. Anaandika kwa mkono wake. Jiografia ya hospitali haifundishiki ukumbini, na inabadilika: leo kinyama kinapokelewa chumba hiki, mwezi ujao kile.

Kisha tunapanda basi. Kutoka stendi ya Kange, kupitia Segera na Chalinze hadi Dar, ni kama kilomita 350, na mionzi wagonjwa wetu wengi huifuata huko, kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road. Ningependa kila mwelekezi akae kwenye basi hilo walau mara moja, na aifikirie safari kama mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa nchi hii. Wengi wao wanatokwa damu, wengine na majimaji yenye harufu. Mwanamke huyo anaogopa kiti kuloa. Anaogopa jirani yake atafungua dirisha na kugeuza uso. Basi linachimba dawa wapi, na pale pana choo cha kujisitiri au ni kichakani? Nimeona wanawake waliokuwa na rufaa mkononi na nauli mfukoni wakabaki nyumbani kwa sababu hiyo moja, na familia ikasema amekataa matibabu. Mwelekezi anayejua atamwandalia pedi za kutosha, kanga mbili nyeusi, mfuko wa kuwekea zilizochafuka na kiti cha karibu na mlango, na atamnong'oneza haya yote faragha, akiwa amekaa naye jamvini.

Nauli yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Ndugu wakichangishana, nauli inapatikana. Tatizo ni kwamba mionzi ya nje ya ugonjwa huo kwa kawaida hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kama tano, halafu inafuata ile ya ndani. Wiki tano atalala wapi, atakula nini, nani atampeleka kila asubuhi, na nani atabaki na watoto wake Muheza au Mkinga? Swali la kulala liulizwe siku rufaa inapoandikwa. Likiulizwa Dar, limechelewa.

Sasa maneno. Sisi husema "kuchomwa mionzi" bila kufikiri, kama tunavyosema kuchomwa sindano. Bibi mmoja wa Pangani alinisikia mimi mwenyewe nikilisema, akanyamaza, akafunga mkoba wake. Nilimfuata nje, nikamwamkia tena, nikakaa chini. Akaniambia, "Mwanangu, mimi si mhogo." Alikuwa ameona moto akilini mwake. Nilimweleza kwamba atalala kitandani, mashine iko juu yake, haimgusi, na wakati ule haisikiki maumivu, ingawa siku zinavyokwenda atachoka, ngozi inaweza kubadilika rangi na tumbo kusumbua. Akauliza kama atamwambukiza mjukuu wake miale. Hapana, akirudi atampakata. Siku hiyo neno kuchomwa nikaliacha, na waelekezi wangu nao nimewakataza.

Neno jingine la hatari ni "chanya". Mtu akiambiwa majibu ni chanya, ama atafurahi kwamba ni mazuri, ama atadhani ameambiwa ana virusi vya Ukimwi. Lakini hapa uwe mkali: majibu hasomi mwelekezi. Daktari ndiye asemaye. Mwelekezi anakaa pembeni, na wakishatoka anauliza hivi: "Mama, ukifika nyumbani baba akikuuliza, utamwelezaje?" Halafu anyamaze. Swali la "umeelewa?" lipige marufuku, kwetu hakuna mtu mwenye adabu atakayemjibu mhudumu "sijaelewa".

Fanya zoezi hilo darasani mpaka liwe jepesi mdomoni. Kijana wa miaka 24 aanze kwa shikamoo, akae mahali pa chini kuliko mgonjwa akiweza, na aulize pia swali ninaloliamini kuliko yote: "Nyumbani, ni nani asipokubali, safari haifanyiki?" Mara nyingi si mume. Ni mjomba, au mtoto mkubwa aliyeko Dar anayetuma pesa, au shangazi aliyeahidiwa mganga. Huyo ndiye wa kupigiwa simu, kwa ruhusa ya mgonjwa. Na simu yenyewe uichunge: namba nyingi tulizo nazo ni za majirani, kwa hiyo ujumbe useme tu kwamba tarehe fulani ana miadi. Ugonjwa usitajwe.

Dawa za kienyeji wasizikejeli. Ukimcheka mgonjwa, ataendelea kunywa na hatakwambia tena. Waulize kwa upole anakunywa nini na kiasi gani, wamfikishie daktari, maana nyingine zinaweza kuumiza figo au ini wakati mtu yuko kwenye dripu za saratani. Na jambo moja walijue kama jina lao: aliyepata dripu hizo akipandisha homa kufikia nyuzi 38, ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Asimezeshwe panadoli akaambiwa asubiri asubuhi, kwa sababu dripu hushusha kinga ya damu na maambukizi yanaweza kumwondoa ndani ya saa chache.

Wapo watakaokuuliza kama kazi hii ni kazi kweli, au ni kumshika mtu mkono tu. Wasimulie Harlem, New York. Daktari wa upasuaji Harold Freeman aliona wanawake maskini wakija na saratani ya matiti ikiwa imeshaenea. Mwaka 1990 akaanzisha waelekezi wa kuwavusha wagonjwa vikwazo tangu kipimo hadi tiba. Awali wanawake waliokuwa hai miaka mitano baada ya kugundulika walikuwa asilimia 39. Kwa waliogundulika kati ya 1995 na 2000 walifika asilimia 70. Uchunguzi wa bei nafuu ulikuwa sehemu ya mafanikio hayo, na hilo walisikie pia. Mwelekezi hana cha kuelekeza pasipo huduma. Ila huduma ikiwepo na mtu akapotea njiani, ni sawa na kutokuwepo.

Nimesema mengi juu ya kufundisha, na kulea ndiko kugumu zaidi. Sisi hukutana Alhamisi baada ya sala ya alasiri, kahawa na kashata mezani. Kila mmoja anafungua daftari lake lenye safu tatu: mgonjwa anasubiri nini, tarehe gani, na nani atamsindikiza. Safu ikiwa tupu, hapo ndipo tunapozungumza. Simgombezi mtu kwa safu tupu. Niliwahi kugombeza, wakaanza kuandika tarehe za uongo, na nikakaa miezi nikidhani wagonjwa wanatibiwa.

Vocha na nauli zao zitoke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na uzipiganie. Mwelekezi anayetoa mfukoni mwake kupiga simu ataanza kuchagua wagonjwa wa karibu, na wa Kilindi na milima ya Lushoto watasahauliwa. Tena usimpe mmoja wagonjwa wengi kwa kuwa ni hodari. Hodari wangu wa kwanza niliyemlimbikizia aliacha kazi bila kuniaga, nami najua sababu.

Watakufa baadhi ya wagonjwa, kwa sababu wengi hutufikia wamechelewa. Mwelekezi asiambiwe azoee. Akipata habari, mpe nafasi aende kuhani msiba, na ukiweza uende naye. Familia humkumbuka aliyemshika mama yao mkono pale dirishani. Nilimsindikiza binti mmoja Chumbageni kwenye msiba wa namna hiyo. Alikuwa amejilaumu njia nzima kwamba angempigia simu zaidi. Mtoto wa marehemu akamtolea daftari la mama yake, lililokuwa na mwandiko wa binti huyo ukurasa kwa ukurasa: tarehe, chumba, dawa ya maumivu saa ngapi. Akamwambia kwamba kila usiku mama alikuwa akimwomba amsomee ukurasa wa kesho yake, halafu ndipo alale.

Alhamisi iliyofuata binti alikuja, akafungua daftari, akaeleza wagonjwa wake waliobaki mmoja mmoja. Mgonjwa mpya sikumpa mpaka zilipopita wiki mbili.