Risasi za kujaza mwenyewe: baridi ikipunguza kasi, niongeze baruti?

Swali: Najaza mwenyewe risasi za bastola ya 9mm, kichwa cha greini 124 (greini ni kipimo kidogo cha uzito). Mchana wa joto kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, ilinipa wastani wa futi 1,030 kwa sekunde, lakini asubuhi ya baridi kali ikashuka hadi 1,000. Je, baruti imeharibika? Niongeze kidogo?

Jibu: Tofauti hiyo pekee si dalili ya baruti kuharibika, na tafadhali usiongeze chochote kwa sasa. Baruti isiyo na moshi ni nitroselulosi, mara nyingi ikiwa na nitroglisirini ndani yake, na kila punje huungua kuanzia nje kwenda ndani. Punje iliyokwisha kupata joto huungua haraka zaidi, shinikizo likapanda, iliyopoa huchelewa. Hiyo ndiyo kawaida, ingawa zipo baruti za bastola zinazokwenda kinyume, zikapunguza kasi kwenye joto. Kwa hiyo vipimo vya mwenzako mwenye kopo la aina nyingine havikusaidii.

Naelewa kinachokusumbua ikiwa unashindana. Kwa kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kulenga shabaha, uzito wa kichwa kwa greini mara kasi kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1,000, lazima ufike 125 kwa daraja la chini. Mchana ulikuwa na 127.7, asubuhi una 124, umeanguka.

Hata hivyo, kabla ya kuilaumu baridi, chunguza mkao wa baruti ndani ya ganda. Baruti ya bastola mara nyingi haijazi ganda, na hapo ndipo wengi hupotea. Kanuni za uwanja zikiruhusu, piga risasi kadhaa baada ya kuinua mtutu taratibu, ili baruti ilalie upande wa fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, kisha nyingine baada ya kuuinamisha. Katika risasi ya .38 Special, yenye ganda kubwa la enzi za baruti nyeusi, tofauti hiyo yaweza kuishinda ya hali ya hewa.

Halafu pima joto la risasi zenyewe, maana joto la hewa halitoshi. Funga baadhi kwenye mfuko usiopitisha unyevu, ziweke saa kadhaa ndani ya kisanduku chenye barafu, kisha uzilinganishe na zilizokaa kivulini. Usizipashe kwa moto wala jiko.

Ukikuta baridi ndiyo sababu, rekebisha kiasi cha baruti ndani ya jedwali la vipimo la mtengenezaji wake, kisha urudie kipimo siku ya joto. Ganda la 9mm ni dogo, na shinikizo hupanda upesi kuliko kasi; kikomo cha SAAMI, taasisi ya Marekani ya viwango vya silaha na risasi, ni psi 35,000 (pauni kwa inchi ya mraba). Ikiwa kufikia 125 kwenye baridi kutakuvusha kikomo cha jedwali kwenye joto, badili aina ya baruti.

Kuharibika kweli kuna dalili zake: harufu kali ya asidi, au vumbi na moshi mwekundu-kahawia ukifungua kopo. Joto la muda mrefu, kama la ndani ya gari juani, hulikaribisha hilo.